Tochi inayoruka meno

Mwanafunzi wa udaktari akifika kitandani, humwambia mgonjwa afungue mdomo aseme "aaa", na tochi yake inakimbilia tonsili. Meno na fizi vinapitwa kama basi la Tunduma linavyopita vituo vidogo. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, nafundisha hapa Mbeya, na kazi yangu kubwa kwa vijana wa mwaka wa nne ni kuipunguza mwendo hiyo tochi. Sitaki wajue kuziba jino. Nataka waone, halafu wajue nani aambiwe.

Naanza na mama mmoja wa makamo mwenye presha. Fizi zake zilikuwa zimefura hadi zikafunika nusu ya meno ya mbele. Nilimsafisha ugaga mara mbili, zikarudi. Kwenye chumba cha meno tulimuuliza kuhusu mswaki. Kliniki ya presha walimuuliza kuhusu chumvi. Hakuna aliyeuliza dawa anayomeza, mimi nikiwemo, na aibu hiyo huwa siwafichi wanafunzi. Alikuwa anatumia nifedipini. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo huotesha fizi, kama ifanyavyo fenitoini kwa wenye kifafa. Kukwangua ugaga ni kazi yangu, maana uchafu huzidisha uvimbe, lakini kubadilisha dawa ni kazi ya daktari wa presha. Naye mgonjwa asithubutu kuiacha kwa uamuzi wake.

Kwa hiyo nawapa zoezi: andika barua kwenda kwa daktari mwenzako. Wengi huandika "tafadhali mwone mgonjwa huyu", basi. Amwone ana nini? Narudisha barua mpaka iseme dawa gani, tangu lini, na unaomba nini.

Kisukari hakinichukui muda. Sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye maambukizi huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Wakishika hilo inatosha. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima nausisitiza zaidi. Huenda ndiyo dalili ya kwanza ya VVU kuonekana, na Mbeya, Iringa na Njombe ni mikoa yenye maambukizi juu ya wastani wa nchi. Ukiuona, zungumza naye kuhusu kupima.

Somo la "meno ya plastiki" simfundishi mtu mimi. Namwachia muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kwa sababu habari hizo humfikia yeye kwanza. Mtoto ana miezi sita, anaharisha, ana homa. Bibi anapapasa fizi, anakuta uvimbe mweupe mahali pa chonge, na mtaani wanasema hayo ndiyo meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto atakufa. Uvimbe ule ni chonge la utotoni ambalo bado halijachomoza. Likichokolewa na kifaa kichafu, mtoto hupoteza damu, huingiwa na vijidudu, na hata jino la ukubwani lililo chini yake laweza kuharibika. Wakati huo kuharisha kwenyewe kunaendelea bila ORS wala zinki.

Wanafunzi hukimbilia kusema hiyo ni imani potofu. Muuguzi huwanyamazisha. "Ukimwambia hivyo, Dokta, atakuitikia vizuri, kisha jioni atampeleka mtoto akatolewe." Yeye huanza na kuhara: kumeanza lini, mtoto ananyonya, anakojoa? ORS inakorogwa palepale. Ndipo anamshika mama kidole, wanapapasa fizi pamoja. Anamwambia ni kweli kuna kitu pale, hajakosea, ila ni jino lake Mungu alilompa.

Wiki iliyopita kijana mmoja alijaribu vilevile, sauti ikimtetemeka kidogo. Mama akamtazama, akauliza:

"Sasa hayo meno yatatoka lini, baba?"

Kijana akahesabu kwa vidole. "Afikishe mwaka na nusu hivi, mama. Kwanza tumalize huku kuharisha."