Anayeharisha damu naye damu humganda

"Damu inanitoka, halafu mnataka kuifanya iwe nyepesi zaidi?"

Hivyo ndivyo anavyouliza mgonjwa wa Crohn au wa kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, pale muuguzi anapokuja jioni na sindano ndogo ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya kuchoma chini ya ngozi ya tumbo. Tangu asubuhi ameshakwenda chooni mara nane, na kila mara ameona damu. Anakataa sindano, na ndugu zake wanamuunga mkono. Simlaumu hata kidogo, lakini ni kosa linaloweza kumuua.

Dhana: anayetokwa damu hawezi kupata bonge la damu.

Ukweli ni kwamba damu ile inavuja kwenye vidonda vya utumbo tu, ilhali uvimbe unauchochea mwili mzima. Ini hutoa kwa wingi fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, chembe sahani, zile zinazoziba majeraha, huongezeka, na uwezo wa mwili kuyeyusha mabonge hupungua. Kuharisha nako humkausha maji, na kitandani miguu haina kazi. Basi mtu yuleyule huvuja damu huku na kugandisha kule. Kwa jumla, hatari yake ya kupata bonge kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ni mara 2 hadi 3 ya watu wengine, na ugonjwa ukichachamaa hupanda zaidi. Hili si jipya: madaktari Bargen na Barker waliliandika huko Marekani mwaka 1936.

Ndiyo maana heparini ya kinga hushauriwa kwa aliyelazwa ugonjwa ukiwa umepamba moto, hata kama kinyesi kina damu. Kwa dozi hiyo ya kinga, haijaonekana kuzidisha sana uvujaji. Damu ikitoka kwa kasi ya kutishia maisha, hapo huahirishwa, na miguu hufungwa vifaa vya kuibana.

Dhana: mabonge ni ya wazee. Vijana nao huyapata. Umri mdogo usimfanye yeyote apuuze mguu uliovimba.

Dhana: nikiruhusiwa kwenda nyumbani, hatari imekwisha. Hapana. Huendelea kwa wiki kadhaa, hasa baada ya upasuaji, na hata asiyelazwa huwa hatarini ugonjwa ukimrudia. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza mzigo, kwa hiyo anayevitumia amwambie daktari wake. Asiviache ghafla kwa uamuzi wake, hasa steroidi.

Dhana: nitameza aspirini, inatosha. Haichukui nafasi ya heparini, na inaweza kuuchokoza utumbo.

Tazama miguu yote miwili pamoja. Ukivua soksi ukakuta upande mmoja alama imezama zaidi, na shavu la mguu huo lina joto na linauma ukilibonyeza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikichoma unapovuta pumzi, pumzi zikikatika ghafla, au kichwa kikiuma kwa namna usiyoizoea, nenda saa hiyohiyo, na pale mapokezi utaje ugonjwa wako wa utumbo kabla hujaulizwa.