Kangaruu haimaanishi "sijui"

Ile stori kwamba Mzungu aliuliza "huyu mnyama anaitwaje", mwenyeji akajibu "kangaruu" yaani "sijui", na Waingereza wakaondoka nalo hivohivo, wengi tumeisikia tangu shule. Inachekesha kweli ila sio kweli.

Mwaka 1770 meli ya nahodha Mwingereza James Cook ilitoboka kwenye miamba wakaivuta mpaka mtoni, pale ilipo Cooktown leo kaskazini mwa Queensland huko Australia, wakakaa wiki kadhaa wakiitengeneza na ndo hapo Cook na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye, wakaandika jina la huyo mnyama walilosikia kwa watu wa Guugu Yimithirr, wenyeji wa pale. Baadae msafiri mwingine akapita akaambiwa neno tofauti kabisa, pengine lile la nyama yoyote ya kuliwa, basi watu wakaanza kusema Cook alidanganywa.

Miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland akakaa na hao wenyeji akajifunza lugha yao, akakuta neno lipo, gangurru, ni aina moja tu ya kangaruu wakubwa, wengine wana majina yao. Kwahiyo Cook alisikia vizuri tu, Kiingereza ndo kikalibeba jina la mmoja kikawapa wote.