Kutosikia vizuri uzeeni si jambo la masikio peke yake

Mjini Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ingali hai dhana ya miaka mingi kwamba mzee akianza kutosikia vizuri ni umri tu, na kwamba maadamu haumwi, hana tatizo la kiafya. Umri ni sababu ya kweli. Kosa limo katika hitimisho. Kipimo cha usikivu huonyesha kwa desibeli sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaweza kuinasa, lakini namba hiyo haisemi kama mgonjwa ameacha kwenda barazani kwa sababu hafuati tena mazungumzo ya watu wengi. Ndiyo maana tangu 1982 lipo dodoso la maswali 25 kwa ajili ya wazee, linalouliza kuhusu fedheha, mabishano ya nyumbani na kujitenga. Wawili wenye desibeli zilezile huweza kupata alama zinazotofautiana sana, jambo ambalo, kwa maoni yangu, familia hulitambua mapema kuliko daktari. Kujitenga huko huambatana na sonona, na tangu 2017 jopo la jarida la Lancet limeutaja upotevu wa usikivu miongoni mwa vihatarishi vya dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, vinavyoweza kupunguzwa.