Mwenye Cheti cha Programu Bado Asailiwe? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mtihani wa cheti umekwisha kumpima mwombaji, hivyo usaili wa kiufundi ni kurudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Ukweli unategemea mtihani ulipima nini. Mtihani wa AWS, kampuni ya Amazon inayokodisha huduma za kompyuta kupitia mtandao, wa usanifu wa mifumo, ngazi ya Associate, una maswali 65 ya kuchagua majibu, hufanywa kwa dakika 130, na hufaulu anayefikisha alama 720 kati ya 1,000. Unapima kama mtu anazijua huduma za kampuni hiyo na anaweza kuchagua ipi itumike wapi, na ujuzi huo una thamani yake. Hata hivyo, katika dakika zote hizo mtahiniwa haandiki programu yoyote, wala hasomi iliyoandikwa na mwingine akatafuta mahali ilipoharibika, ilhali kazi hiyo ndiyo itakayomchukulia siku nyingi akishaajiriwa.

Dhana: Basi vyeti vyote ni karatasi tupu.

Kusema hivyo ni kuwadhulumu waliovihangaikia. Mtahiniwa wa CKA, cheti cha usimamizi wa Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja), hukalishwa saa mbili mbele ya mfumo unaofanya kazi, akatakiwa kuutengeneza kwa mikono yake. Cheti cha namna hiyo kinaweza kweli kumpunguzia mwombaji maswali, ingawa kinahusu usimamizi wa mifumo zaidi kuliko uandishi wa programu.

Dhana: Leseni moja ya kitaifa, kama ya madaktari, ingemaliza suala hili.

Marekani ilijaribu. NCEES, baraza linaloandaa mitihani ya leseni za wahandisi, lilianzisha mtihani wa uhandisi wa programu mwaka 2013, likaufuta mwaka 2019 baada ya kupata watahiniwa 81 tu katika awamu tano za kwanza. Na daktari mwenye leseni naye husailiwa anapoomba kazi hospitalini.

Dhana: Usaili wa ubaoni, kwa kuwa ni wa ana kwa ana, hauwezi kudanganya.

Hapa ndipo watetezi wa vyeti wana hoja ya haki. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la kiufundi. Baadhi walilijibu ubaoni huku wakieleza mawazo yao mbele ya msaili, wengine wakiwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Usaili wa aina hiyo unapima woga pamoja na ujuzi, na kuwaangusha watu ambao kazini wangefanya vizuri.

Kinachopaswa kubadilishwa, kwa maoni yangu, ni namna ya kusaili. Cheti kimsaidie mwajiri kuamua nani aitwe. Akishaitwa, apewe programu ndogo yenye hitilafu, kompyuta aliyoizoea na saa moja ya utulivu, kisha aketi na msaili amweleze alichobadilisha na kwa nini.