Kuchokoza kuvu: maana yake ni nini?

Mkulima wa uyoga wa Njoro, kule Nakuru, anayejaza mifuko yake mabua ya ngano anatafuta kilo. Anaupa uyoga chakula, unyevu na kivuli, nao unanenepa. Uyoga ni aina ya kuvu, lakini anayetafuta dawa ndani ya kuvu akifuata njia hiyohiyo mpaka mwisho, atavuna kuvu nono yenye dawa kiduchu.

Sababu ni kwamba kuvu ina kazi mbili: kukua, na kutengeneza kemikali ambazo nyingi huisaidia kupambana na majirani. Penisilini ni mojawapo. Siklosporini, inayozuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa, ni nyingine. Kazi hii ya pili kwa kawaida hushika kasi ukuaji unapopungua. Kuvu iliyoshiba glukosi haishughuliki sana na penisilini, maana sukari hiyo hufifisha jeni zinazohusika.

Kuchokoza, basi, ni kuitia kuvu mashakani kwa kipimo ili iongeze kemikali hizo. Waweza kuipunguzia nitrojeni, kuibadilishia joto, kuitilia vipande vya ukuta wa seli za kuvu nyingine, au kuiotesha chupa moja na bakteria. Hii ya mwisho ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Jena, Ujerumani, walieleza jinsi bakteria wa jamii ya Streptomyces walivyoamsha jeni zilizokuwa kimya ndani ya kuvu iitwayo Aspergillus nidulans. Ilibidi bakteria hao waguse kuvu yenyewe. Ujirani peke yake haukutosha.

Tusichanganye uchokozi na lishe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko Peoria, Marekani, mtafiti Andrew Moyer aliipa kuvu ya penisilini laktosi, sukari inayoliwa polepole, pamoja na maji yaliyolowekewa mahindi viwandani. Mazao yakapanda mara nyingi. Maji hayo huchacha, na mtu wa Kisumu aliyezoea uji wa unga uliochachushwa angeitambua harufu yake. Lakini kile kilikuwa chakula bora. Hakuna aliyeichokoza kuvu.

Wakati nao una uzito wake. Kuvu ikichokozwa ingali changa, hudumaa kabla haijawa na mwili wa kutosha kutengeneza chochote, na kipimo kikizidi hufa. Ndiyo maana wengi huiacha kwanza ishibe na kutanda, kisha ndipo huitia msukosuko.