Kusukutua floridi shuleni: wazazi wa Goma wanauliza, mtabibu wa meno anajibu

Floridi ni nini?
Ni madini yanayokaza gamba la jino lisiliwe na asidi, ile ambayo vijidudu vya kinywani hutengeneza wakipata sukari.

Shuleni wanafanyaje?
Mara moja kwa wiki, mililita 10 za maji yenye sodiamu floridi ya asilimia 0.2. Mtoto anasukutua dakika moja, anatema, kisha nusu saa hali wala hanywi. Wa chini ya miaka 6 hapewi, maana atameza.

Jino lina tundu tayari. Litazibika?
Hapana. Tundu huzibwa na daktari wa meno.

Lakini ni jino la utoto, si litang'oka lenyewe?
Hapa ndipo ninapochoka, mama. "Tulingoja ling'oke." Nikifungua kinywa, nakuta gego la kudumu! Linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, wala hakuna jino linalotoka kulipisha, kwa hiyo nyumbani hamlioni likija. Hilo halina mbadala. Likioza, limekwenda.

Na kama kweli ni la utoto?
Usingoje. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10, hata 12. Mwenye miaka 6 atalia usiku kwa miaka mingapi? Usaha wake unaweza kuharibu jino linalojengeka chini. Aspirini mnayosaga na kubandika pale inaunguza ufizi tu. Shavu likivimba na homa ikapanda, ni hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje!

Meno ya mwanangu yana madoa ya kahawia. Asukutue?
Kwanza niambie mnakunywa maji gani. Moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo una floridi, na maji ya mvua huichukua. Ikizidi mwilini wakati meno yanajengeka, yanaota na madoa. Kikomo cha OMS, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita. Shule ipimishe maji kabla ya kuanza, si baada.

Akisukutua shuleni, aache mswaki?
Aa-a! Mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi, na mkubwa asimame hapo. Sukre, yaani soda, mnayompa kila jioni ili anyamaze, punguzeni. Na mkiwa hapo na mswaki, tazameni lile gego la nyuma. Mkiona weusi, mleteni wiki hii.