Difenda likizunguka usiku kucha wizi utakwisha? Tuliyoamini na yaliyopimwa

Kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Mbeya, mzee mmoja alisimama akasema: "Difenda la polisi lizunguke usiku kucha, wizi utakwisha." Tukampigia makofi, nami nikiwemo.

Hilo lilishapimwa. Kati ya 1972 na 1973, polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 mafungu matatu. Kwenye matano waliondoa doria ya kawaida ya magari, wakawa wanakwenda wakiitwa tu. Kwenye matano wakaizidisha mara mbili hadi tatu, matano mengine wakayaacha kama yalivyokuwa. Wizi haukuonyesha tofauti ya maana, wala hofu ya wananchi. Doria ina faida, ila iwekwe penye matukio. Kwenye mji wa Minneapolis, hukohuko Marekani, ilionekana kuwa asilimia 3 ya anwani ndizo zilizotoa karibu nusu ya miito yote ya polisi. Sisi nasi vichochoro vyetu tunavijua kwa majina.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: eti askari mzoefu akikutazama tu usoni, anajua unadanganya. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 200. Watu hupatia kutofautisha ukweli na uongo kwa asilimia 54, na kubahatisha tu kungekupa 50. Polisi hawakuwazidi wengine. Sasa fikiria kijana wa Rungwe aliyefundishwa kutomkazia macho mkubwa. Amesimama kaunta, kichwa chini, anasokota kofia mkononi. Ile ni adabu. Akiitwa mwongo kwa adabu yake, analala mahabusu bure.

Wengine husema kesi hufumbuliwa na ujanja wa mpelelezi. Utafiti wa shirika la RAND wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa mara nyingi kinachoamua ni maelezo ambayo aliyeibiwa au shahidi humpa askari wa kwanza kufika. Jirani yangu alipoibiwa bodaboda, alichojua kueleza ni "nyekundu". Mama muuza chai aliyekuwa ng'ambo ya barabara ndiye aliyeongeza: "Afande, kioo cha kushoto kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na aliyeichukua amevaa gambuti." Askari akaandika yote mawili kabla ya kutoa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Siku ya tatu pikipiki ikaonekana Igawilo, kioo bado kimefungwa vilevile.